Kura ilisema "tutoke", haikusema twende wapi

Juni 23, 2016 Waingereza walipewa karatasi yenye swali moja: nchi ibaki katika Umoja wa Ulaya au itoke? Asilimia 51.9 wakataka itoke, 48.1 ibaki. Mabishano hayajakwisha mpaka leo, na kwa maoni yangu chanzo chake ni neno lenyewe "kutoka". Kila mtu alilipa maana yake.

Waliotaka kutoka wamedharauliwa kupita kiasi. Tazama Boston, mji mdogo wa Lincolnshire uliozungukwa na mashamba ya kabichi na viazi. Watu watatu kati ya wanne waliopiga kura pale walisema tutoke. Baada ya nchi za Ulaya Mashariki kujiunga na Umoja mwaka 2004, vibarua walimiminika huko, na mji ukabadilika sura ndani ya miaka michache. Mwenyeji kuuliza "nani aliamua haya bila kutuuliza?" si ubaguzi. Ni swali la raia. Ila jibu lake linauma: serikali ya London iliruhusiwa kuwazuia wafanyakazi hao kwa muda, hadi miaka 7, kama ilivyofanya Ujerumani. Haikutaka. Brussels, makao makuu ya Umoja wa Ulaya, ilibebeshwa lawama ambayo sehemu yake ilikuwa ya nyumbani.

Waliotaka kubaki walihubiri hasara ya biashara, na hawakukosea. Taasisi rasmi ya makadirio ya bajeti huko inahesabu kwamba baada ya muda mrefu tija ya uchumi itakuwa chini kwa asilimia 4 kuliko kama nchi ingebaki. Lakini mtu ambaye hajauona utajiri huo hatishiki ukimwambia utapungua.

Gharama ambayo kampeni karibu zote ziliipita mbio ni Ireland. Mpaka kati ya Ireland ya Kaskazini, iliyo sehemu ya Uingereza, na Jamhuri ya Ireland, iliyomo katika Umoja wa Ulaya, una urefu wa karibu kilomita 500, nao hauna kizuizi. Maziwa hukamuliwa upande mmoja yakasindikwa upande wa pili. Uwazi huo ni tunda la amani ya 1998, baada ya miaka 30 ya mauaji kati ya waliotaka kubaki chini ya Uingereza na waliotaka kuungana na Jamhuri. Ukitoka kwenye soko la pamoja, lazima ukaguzi wa bidhaa uwe mahali fulani. Waziri Mkuu wa wakati huo, Theresa May, alijaribu kukwepa jambo hilo, na Januari 2019 Bunge likaukataa mkataba wake kwa kura 432 dhidi ya 202. Mrithi wake, Boris Johnson, akauhamishia ukaguzi baharini, kati ya kisiwa kikuu cha Uingereza na Ireland ya Kaskazini, sehemu ya nchi hiyo hiyo. Wakazi wa huko wanaotaka kubaki chini ya Uingereza wakaona wametupwa, na chama chao kikubwa kikaikwamisha serikali ya Ireland ya Kaskazini, iliyoko Belfast, kwa miaka miwili. Na Ireland ya Kaskazini ni mahali ambapo wengi walipiga kura ya kubaki katika Umoja wa Ulaya.

Na yule mwenyeji wa Boston? Katika mwaka ulioishia Juni 2023, walioingia Uingereza waliwazidi waliohama kwa zaidi ya watu 900,000, wengi kutoka nje ya Ulaya, kwa viza zilizotolewa na London yenyewe.