Akili Unde Darasani: Leipzig Si Nairobi

Kwa miaka tisa nimekuwa nikifundisha Kiswahili jioni katika darasa la watu wazima mjini Leipzig, Ujerumani, na kila likizo ya Agosti ninaporudi nyumbani, mtaa wa Umoja jijini Nairobi, huketi na dada yangu, ambaye naye ni mwalimu wa Kiswahili, tukasahihisha insha za kidato cha tatu pamoja. Mwaka huu insha hizo zimenifanya nibadili msimamo niliokuwa nao kuhusu akili unde (AI) katika ufundishaji wa lugha.

Huku Leipzig naitetea bila kusita. Wanafunzi wangu ni kumi na mmoja, nasi hukutana Jumanne tu, dakika tisini. Siku nyingine zote hawana wa kuzungumza naye, na tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022 wamepata wa kumwuliza, hata saa nne usiku, kwa nini kiti "kimevunjika" lakini meza "imevunjika". Inawajibu kwa subira, na ikikosea, mimi nipo. Mama mmoja mstaafu aliitaka imtungie mazungumzo ya sokoni kabla hajasafiri kwenda Nairobi, ikamwandikia: "Je, ninaweza kupata vitunguu vinne, tafadhali?" Sarufi haina kasoro, ila katika soko la Muthurwa hakuna anunuaye vitunguu namna hiyo. Nikamwambia aseme: "Fungu ni pesa ngapi? Nipunguzie kidogo. Haya, nifungie mawili, na nyongeza usisahau." Aliyaandika yote daftarini, akayarudia kwa sauti mpaka yakamkaa mdomoni.

Dada yangu ana wanafunzi 58 katika darasa moja. Walikuwa wameandika barua ya kirafiki, na katika barua tisa nilikuta maneno yale yale: "Ninaangalia mbele kukutana nawe." Ngeli zilikuwa sawa, tahajia ilikuwa safi, na kalamu nyekundu ilibaki hewani kwa sababu hapakuwa na neno moja la kupigia mstari, sentensi nzima ilikuwa Kiingereza kilichovishwa kanzu. Mashine hizi zimelishwa maandishi ya Kiingereza kwa wingi kuliko ya lugha nyingine yoyote, na mtoto wa Nairobi, ambaye tayari Kiswahili chake kimebanwa kati ya Sheng na Kiingereza cha shuleni, huliona jibu lililonyooka hivyo akaliamini kuliko anavyomwamini mwalimu wake. Linaloniuma ni kwamba mwanafunzi wangu wa Leipzig huiendea mashine kwa kukosa watu, ilhali huyu wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, huiendea akiwa amezungukwa na watu wanaojua kusema "nina hamu ya kukuona".

Mwaka 2023 UNESCO ilitoa mwongozo uliopendekeza umri wa miaka 13 kuwa kiwango cha chini cha kutumia zana hizi darasani. Kidato cha tatu wamekwisha kuupita umri huo, kwa hiyo tatizo letu si umri. Tatizo ni kwamba insha 58, hata zikisomwa kwa dakika kumi kila moja, ni kazi ya karibu saa kumi, na mwalimu aliyechoka hawezi kuibishia mashine katika kila daftari. Wakati huo huo, karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, inawangoja: insha mbili, alama 20 kila moja, kwa mkono, bila simu.

Sipendekezi marufuku, kwa maana simu za wazazi zitabaki nyumbani na watoto watazitumia. Nilimwomba dada yangu aigeuze mashine iwe mtahiniwa: achape barua iliyoandikwa nayo, aigawe darasani, wanafunzi waisahihishe wao, na sentensi wanayoitilia shaka wakaiulize nyumbani, kwa mzazi au kwa jirani, angeisemaje. Alilijaribu jambo hilo muhula ulipofunguliwa. Ile ya "kuangalia mbele" ilirudi na majibu saba tofauti, na darasa zima lilichagua la ajuza mmoja wa Kayole, aliyemwambia mjukuu wake aandike: "Siku naona haziendi, nikikungoja wewe."