Lango la mheshimiwa ni la nani?

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, nje ya boma la mbunge mmoja huku magharibi mwa Kenya, tayari tulikuwa watu 23. Nilikuwa nimemsindikiza shangazi yangu. Binti yake alikuwa amepata nafasi ya kidato cha kwanza na barua ya shule ilikuwa ndani ya karatasi ya nailoni, imekunjwa mara nne isilowe umande. Soja alikuwa na daftari la kurasa 96. Anaandika jina, anauliza, “Shida?” Shangazi akajibu, “Basari,” yaani msaada wa karo. Akaonyeshwa jiwe la kukalia. Aliyetutangulia alikuja kuomba jeneza, na aliyetufuata alikuwa mzee wa kijiji mwenye mgogoro wa barabara. Saa tatu gari likatoka, kioo kikashushwa kidogo, tukaambiwa tuonane wiki ijayo.

Asubuhi ile hunijia kila ninaposikia hoja kwamba maandamano nje ya nyumba za wanasiasa yapigwe marufuku. Hoja yenyewe si ya kupuuzwa, na kwetu ina sababu yenye tarehe. Juni 25, 2024, wabunge 195 waliunga mkono Mswada wa Fedha, uliokuwa na kodi mpya, na 106 wakaupinga. Muda mfupi baadaye vijana walikuwa ndani ya Bunge, na katika miji kadhaa umati ulifika hadi kwenye makazi na biashara za wabunge waliosema ndiyo. Mjini Eldoret, kilabu ya Timba XO inayohusishwa na mbunge wa Kapseret, Oscar Sudi, iliharibiwa na kuporwa. Wahudumu na wapishi wa pale hawakuwa na kura Bungeni. Mwaka uliofuata Mwakilishi wa Wanawake wa Nairobi, Esther Passaris, alileta mswada wa kuzuia maandamano ndani ya mita 100 kutoka Bunge, mahakama na maeneo mengine ya ulinzi. Ukishakubali mstari wa mita 100 mbele ya Bunge, mstari wa mbele ya nyumba ya mbunge hauko mbali. Uingereza wameshafika huko: mwaka 2025 serikali ilitangaza kwamba kuandamana nje ya nyumba ya mwenye wadhifa wa umma kutafanywa kosa la jinai.

Nianze na upande wa wanaotaka marufuku, maana naona mara nyingi hujibiwa kwa kelele tu. Nyumbani hakukai mwanasiasa peke yake. Kuna mtoto wa darasa la pili ambaye hajui kodi ya mkate ni nini. Kuna mama mzee kijijini, ambaye mara nyingi ndiye anayepatikana, kwa sababu mwanawe yuko Nairobi. Kuna soja mwenye rungu na tochi anayesimama kati ya watu mia tatu na mlango ambao si wake. Ofisini mtu huenda na kuondoka; nyumbani hana pa kuondokea. Na mwanamke anayegombea kiti hulipa zaidi, maana vitisho vinavyoishia langoni mwa mwanamume huwa, kwake, vinataja mwili wake na watoto wake. Wapo wanawake wazuri tuliowakosa katika siasa kwa sababu familia zao zilisema basi, hatuwezi kulala hivi.

Haya ni mambo mazito. Lakini marufuku yatayaponya kweli?

Machi 27, 2023, mamia ya watu walivamia shamba la Northlands la familia ya Kenyatta huko Ruiru, wakakata miti, wakawasha moto na kuondoka na kondoo mabegani mchana kweupe. Siku hiyohiyo kampuni ya Spectre, ya familia ya Raila Odinga, wakati huo kiongozi wa upinzani, ilipigwa mawe Nairobi. Wizi, uchomaji na kuingia mali ya mtu kwa nguvu yalikuwa makosa siku hiyo kama yalivyo leo. Sheria ilikuwepo, kilichokosekana ni polisi wa kuitekeleza bila kuuliza shamba ni la nani. Na wale waliobeba kondoo hawakuwa wananchi waliokuja kumwambia kiongozi wao neno. Wakenya tuna jina lao, wahuni wa kukodiwa, na mhuni wa kukodiwa hasomi Gazeti Rasmi la Serikali. Atakayezuiwa na kifungu kipya ni mwalimu mwenye bango, mama mwenye filimbi, kijana mwenye bendera shingoni. Yaani wale ambao tungetaka waendelee kuja.

Sasa tuulize waende wapi. Katiba ya 2010, Kifungu cha 37, inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma. Kifungu cha 104 kinasema wapiga kura wanaweza kumwondoa mbunge kabla ya muhula kwisha, lakini tangu Katiba ipite hakuna hata mmoja aliyeondolewa kwa njia hiyo. Mahakama Kuu ilibatilisha masharti yake mwaka 2017 kwa kuwa yalikuwa kizingiti kisichopandika. Ofisi ya eneo bunge mara nyingi ina karani na kalenda ya ukutani. Juni 2024 vijana walisambaziana namba za simu za wabunge ili “kuwasalimia”, na salamu zikamiminika kwa maelfu hadi simu zikazimwa. Mtu aliyezimiwa simu, akafungiwa ofisi na kuwekewa mita 100 mbele ya Bunge, anabakiwa na anwani moja tu.

Na anwani hiyo haikugunduliwa na waandamanaji. Wanasiasa wetu wenyewe ndio walioifanya ya umma. Jomo Kenyatta alipokea wajumbe nyumbani kwake Gatundu, makundi yakiwasili kwa malori na nyimbo. Moi alifanya vivyo hivyo Kabarak. Sugoi, nyumbani kwa Rais Ruto, pamepokea ujumbe baada ya ujumbe, hema limetandazwa na kamera zimepangwa. Ngazi za chini ni yaleyale: chama kinaundwa sebuleni, wagombea wanapatanishwa chini ya mwembe, basari inaombwa langoni. Siku hizo hakuna anayelalamika kwamba faragha ya familia imeingiliwa. Sikubali kwamba boma liwe la umma wakati watu wanakuja kuimba sifa, kisha liwe la faragha siku watu walewale wanapokuja na kilio.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda nyumba ya kila mtu, si ya mheshimiwa pekee. Kati ya Juni na Desemba 2024 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 82 waliotekwa, wengi wakiwa wakosoaji wa serikali, na baadhi walichukuliwa nyumbani kwao na watu waliofunika nyuso. Bunge linalotaka kulinda usingizi wa wabunge lingeanza na usingizi wa hao, ningelisikiliza kwa sikio jingine.

Hata hivyo simo upande wa wanaosema lango liachwe wazi saa yoyote, kwa njia yoyote. Marekani wamezozana juu ya hili kwa miaka mingi, na kesi moja inafaa kusomwa. Mwaka 1985, katika mji wa Brookfield, Wisconsin, watu walikuwa wakikusanyika nje ya nyumba ya daktari aliyekuwa akitoa mimba. Mji ukapiga marufuku. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu iliiacha sheria hiyo isimame, ila kwa kuibana: kusimama mbele ya nyumba moja ukiilenga kunaweza kuzuiwa, lakini kupita mtaani na ujumbe wako, hata kwenda mlango kwa mlango, hapana. Boston nao, baada ya meya Michelle Wu kuandamwa alfajiri nyumbani kwake mwaka 2022, walizuia kulenga makazi kati ya saa tatu usiku na saa tatu asubuhi. Mchana ukabaki wa wananchi.

Nadhani hapo ndipo pa kuanzia kwetu: usiku uwe wa kulala, vipaza sauti viwe na kikomo, lango lisizibwe mtu akashindwa kumpeleka mgonjwa hospitali. Lakini hata masharti haya nayaogopa yakikabidhiwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, peke yake. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka notisi tu, siku tatu hadi 14 kabla, na sote tunajua notisi hiyo ilivyogeuzwa kuwa ombi la ruhusa. Atakayesema maandamano fulani yamevuka mpaka awe hakimu, siku hiyohiyo, kwa maandishi na sababu.

Na kiwepo kipimo kimoja ambacho sijakiona katika mswada wowote: matumizi ya nyumba yenyewe. Kiongozi asiyepokea wajumbe nyumbani, ambaye ofisi yake inafunguliwa na mikutano yake inafanyika hadharani, alindwe faragha yake kwa ukamilifu, na nitakuwa wa kwanza kumtetea. Aliyegeuza boma lake kuwa ofisi asiombe sheria ilitambue kama chumba cha kulala. Lile lango tulilokalia asubuhi ile lilikuwa na foleni, daftari la kurasa 96 na mtu wa kuuliza shida yako ni nini. Shangazi alirudi pale mara tatu.