Nimetumwa Misheni Ujerumani, Wenyeji Hawapatikani

Aisee anayesema kazi ya Injili ni nyepesi hajawahi kutumwa na dayosisi Ujerumani. Huku kwetu Machame, Kilimanjaro, ukitaka kukutana na watu unatoka tu getini, kabla hujafika dukani ushaulizwa umeamkaje, ng'ombe kaamkaje, mama mkwe ule mguu unaendeleaje, na kuna mtu keshakuvuta mkono ukale ndizi. Kule Saxony bana, jimbo la mashariki mwa Ujerumani, usharika rafiki umetualika "kukutana na wenyeji", ipo kabisa kwenye ratiba imechapwa na rangi, alafu wenyeji wenyewe hawaonekani! Kijiji kimefagiliwa, maua yapo dirishani, paka yupo, binadamu hakuna. Ukitaka kumsalimia jirani unaambiwa subiri tumpigie tuone kama Alhamisi ya wiki ijayo ana nafasi. Yani salamu inapangiwa tarehe kama posa.

Na kufika kwenyewe ni mateso. Benki stetimenti, barua ya mwaliko, bima, uthibitisho kwamba nitarudi, mimi mzee wa kanisa mwenye kihamba changu, shamba la nyumbani, na mbuzi wa maziwa, nibaki kule kufanya nini na haya magoti hayataki baridi? Wale wamisionari wa Leipzig waliofika Machame 1893 hakuna mangi, yani chifu wetu, aliyewaomba benki stetimenti. Walikuja wakajenga, wakazaa, wengine wakazikwa hukuhuku, na tiketi ya kurudi hakuna aliyeiulizia.

Sasa ukibahatika kumpata mwenyeji, akisikia tu unatoka Kilimanjaro, basi, Injili imeisha hapo. Umepanda? Mpaka juu? Mara ngapi? Jamani, huko juu nina shamba? Kuna mtu namdai? Mimi na ule mlima tunaonana kila asubuhi, ukiwa wazi naanika kahawa, ukijifunika naanua, uhusiano wetu unaishia hapo na haujawahi kuwa na ugomvi. Kuna mama mmoja kwenye meza ya keki (saa tisa alasiri hao ni keki na kahawa, kahawa nyeusi ambayo sisi tunailima na nyumbani tunakunywa chai), nikaona nimjibu kisomi, nikamwambia mtu wenu wa Leipzig, Hans Meyer, ndo alifika kileleni 1889 akabeba na jiwe akaenda kumpa Kaizari, mimi nimekuja kuliulizia hilo jiwe. Akacheka kidogo, akaninyunyizia krimu kwenye keki, akaniuliza, "Lakini umepanda?"

Na hiyo keki ushibe kabisa maana jioni hakuna mtu anawasha jiko. Chakula cha usiku ni mkate, jibini, achari ya matango na maji ya gesi. Mwenyekiti wa akina mama alikaa mezani kwa adabu akisubiri sufuria itoke jikoni mpaka wenyeji wakaanza kutoa vyombo.

Jumapili ndo nikajua siku yangu imefika, leo nawapata wote kwa mpigo. Kanisa kubwa la mawe, kinanda kinaziba ukuta mzima, na ndani wamo mabibi wachache wamevaa makoti kila mmoja na benchi lake kama wamegombana. Mchungaji ana makanisa kadhaa peke yake, kwahiyo ibada inazunguka, Jumapili hii hapa ile kule, ukikosea zamu unakuta kufuli. Na ni saa moja tu! Mwinjilisti wetu ndo kwanza anasafisha koo aanze utangulizi wa mahubiri, mtu wa kinanda keshaanza kupiga wimbo wa kutokea.

Kilichonichosha ni sadaka. Nikauliza kanisa lenye watu hawa linakarabatiwaje paa, nikaambiwa kuna kodi ya kanisa, ukiwa muumini uliyesajiliwa na unalipa kodi ya mapato, kule Saxony wanaongeza asilimia 9 ya hiyo kodi juu yake na ofisi ya kodi ya serikali ndo inakusanya. Mweka hazina wetu akashika kifua. Hebu fikiria TRA wakukatie sadaka! Sisi huku tunahangaika na bahasha zenye namba, ahadi ya mavuno, ahadi ya jengo, mnada baada ya ibada ambapo mkungu mmoja wa ndizi unanunuliwa, unarudishwa, unanunuliwa tena, na bado bati halijatosha. Na ukitaka kuacha kanisa kule unaenda ofisi ya serikali unasaini fomu, umetoka, mchana mwema. Kwetu jaribu uone, watakuja wazee wa kanisa, atakuja mchungaji, alafu atakuja shangazi yako, na huyo wa mwisho ndo hutomuweza.

Jioni hiyohiyo nikasema nijitwishe kazi ya nyumba, nikachukua chupa za juisi nipeleke kwenye yale makontena ya vioo ya barabarani, kuna la kijani, la kahawia na la nyeupe, hata takataka kule zina madhehebu. Natupia ya kwanza, tang! mlango wa jirani ukafunguka. Mwenyeji! Katoka mwenyewe bila miadi! Nikanyoosha mkono kwa furaha, Bwana Yesu asifiwe! Hakuuona mkono. Akanyoosha kidole kwenye kibao, Jumapili marufuku kutupa chupa, watu wanapumzika. Nikamwonyesha kwamba zimebaki mbili tu. Akasimama pale mpaka nikaondoka nazo. Kanisani hayupo, lakini Sabato anailinda huyo kuliko Farisayo.

Chupa za plastiki ndo usiseme. Vijana wa kwaya wakagundua ukirudisha moja dukani mashine inakupa senti 25 za yuro, basi mazoezi ya sauti ya tatu yakafa, watu wanatembea wameinamisha vichwa, wenyeji wanadhani ni unyenyekevu wa Kikristo.

Aliyenisikiliza ni mmoja. Nimekaa kituo cha basi na binti wa wenyeji wetu, yule aliyewahi kuja Moshi kujitolea kwahiyo Kiswahili anakikwangua, akaja mzee na mkongojo, akanitazama weee, alafu akatamka taratibu, "Jambo. Saruji hakuna."

Nikaruka! Kumbe yule mzee ujana wake, miaka ya 1960 baada ya Mapinduzi, serikali yao ya Ujerumani Mashariki ilimpeleka Zanzibar kujenga yale maghorofa ya Kikwajuni. Kila asubuhi alikuwa anaripoti kazini anapewa taarifa hiyohiyo, ndo imebaki kichwani. Tuliongea mpaka basi likapita na lingine likapita, akaniuliza pweza wa jioni bado wanauzwa, akaniuliza maghorofa yamepakwa rangi, nikamwambia mzee wangu mimi ni mtu wa bara, mlimani, nikaona mdomo unafunguka nikajua linakuja lile swali, lakini hapana, akauliza kule kwenu saruji ipo?

Nikaona hapahapa, nisipomkaribisha kanisani huyu basi nauli ya dayosisi imeliwa. Nikamwambia njoo Jumapili kwaya inaimba. Akasema yeye kakulia kwenye serikali isiyotaka habari za kanisa, hajawahi kuzoea, na saa hizi kachelewa kuanza. Nikambana kidogo, kiungwana, kama tunavyombana mtu wa ahadi ya jengo. Akafikiri, macho yakacheka, akanijibu kwa Kiswahili safi cha fundi wa Unguja: "Kesho."

Nikamfuata kesho yake kituoni. "Kesho." Nikaja na mwinjilisti, akatupa peremende mbili mbili. "Kesho."

Sasa nimerudi, dayosisi wanataka ripoti, kuna mahali pameandikwa idadi ya waliofikiwa na Neno. Nimejaza mmoja. Mkuu wa jimbo kanipigia simu, mzee, huyu mmoja amebatizwa au bado? Nimemwambia bado baba, tunasubiri saruji.