Tuzo sita za The Chieftains zilikuwa za nani?

Paddy Moloney, mpiga zumari wa Ayalandi, alipofariki Oktoba 2021, taazia nyingi zilibeba hesabu ileile: tuzo 6 za Grammy, kuteuliwa mara 18. Kisha ikafuata orodha ya mastaa waliorekodi na kundi lake, The Chieftains: Rolling Stones, Sting, Van Morrison, Sinéad O'Connor, Tom Jones. Hesabu ni sahihi, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni jinsi inavyotumika kufunga mjadala ambao kwa wapenzi wa muziki wa asili wa Ayalandi haujafungwa mpaka leo. Kundi hili lilipoanza kuita wageni studioni, liliutangaza muziki wa kwao au liliutandika chini wageni wapite juu yake?

Wanaolalamika huitwa wahafidhina, watu wanaotaka muziki ufungiwe kwenye kabati la makumbusho. Ukiwasikiliza vizuri, sicho wanachosema.

Hebu tuzifungue tuzo hizo moja moja, maana watu huzihesabu bila kuzitazama. Mwaka 1993 zilikuja mbili kwa mpigo. Moja ni ya An Irish Evening, onyesho la Belfast ambamo wamo Roger Daltrey wa bendi ya roki ya The Who na mwimbaji Nanci Griffith. Nyingine ni ya Another Country, albamu iliyojaa waimbaji wa kantri wa Marekani akina Willie Nelson na Emmylou Harris. Mwaka 1994 ni The Celtic Harp, iliyopigwa pamoja na okestra ya vinubi ya Belfast. Hao angalau hawakuwa mastaa. Mwaka 1996 ni wimbo mmoja tu na Van Morrison, tena katika fungu la pop. Mwaka 1997 ni Santiago, ya muziki wa Galicia, kaskazini-magharibi mwa Hispania. Mwaka 1999 ni Long Journey Home, muziki wa filamu ya televisheni kuhusu Waayalandi waliohamia Marekani, wenye sauti za watu chungu nzima.

Sita kwa sita. Hakuna hata moja iliyotolewa kwa rekodi ambayo The Chieftains walipiga peke yao. Kundi lililoundwa mwaka 1962, lenye albamu zinazoitwa kwa namba tu, 1, 2, 3, 4, na kuendelea, lilingoja miaka thelathini na ushee, na mlango ulipofunguliwa ulifunguliwa kwa sababu kuna mtu mwingine aliyesimama pembeni yake. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi kuliko inavyostahili, na kila mara naona tuzo hizo zinaeleza zaidi masikio ya waliotoa kuliko mikono ya waliopokea.

Ili uelewe kilio cha hao wahafidhina, itazame zumari yenyewe. Uilleann pipes, chombo cha Moloney, jina lake linatokana na neno la Kiayalandi la kiwiko. Haipulizwi kwa mdomo. Mpigaji anaketi, anafunga mivukuto midogo chini ya mkono mmoja, kama ile ya mhunzi, na kwapa la pili linabana mfuko wa hewa. Bomba la vidole linasimama juu ya paja. Akiligandamiza pajani huku vidole vimeziba matundu, sauti inakatika papo hapo, kama mtu aliyefumba kinywa. Pembeni kuna mabomba mengine yenye vibonyezo, na hivyo anavibonyeza kwa kifundo cha mkono wakati vidole viko kazini. Zumari ya Uskoti ilitengenezewa uwanja na gwaride. Hii ni ya chumbani, na utamu wake mwingi uko katika vile vituo vidogo ambavyo sikio lisilotulia haliwezi kuvipata.

Sasa weka Drowsy Maggie, inayofungua The Chieftains 4. Hii ni albamu ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, Derek Bell alipoingia na kinubi chake. Kundi zima linashika wimbo, linauzungusha, kisha linanyamaza, na mtu mmoja anatoka na wimbo wake mwenyewe kwa chombo chake. Wote wanarudi. Anatoka mwingine. Unaweza kuwahesabu kwa macho yaliyofumbwa: filimbi, fidla, kinubi, zumari. Hakuna anayemfunika mwenzake.

Kisha weka The Rocky Road to Dublin kutoka The Long Black Veil ya 1995, waliyopiga na Rolling Stones. Ni furaha tupu, siwezi kukataa. Katikati ya vurugu hilo linachomoza lile gitaa la Satisfaction, wimbo wa Rolling Stones wa mwaka 1965, na kila mtu anacheka. Lakini tafuta vile vituo vya zumari humo ndani. Mimi nimetafuta. Ninachopata ni harufu ya Ayalandi, kama iliki kwenye chai: unajua ipo, ila huioni.

Basi kilio chenyewe ndicho hicho. Kumwona mgeni mlangoni hakumkeri mtu. Kinachowauma ni kwamba mgeni akishaketi, wenyeji wanageuka wasindikizaji nyumbani kwao.

Wanaomtetea Moloney wana hoja nzito, na huanza na tumbo. Kampuni iliyowarekodi mwanzo, Claddagh, ilianzishwa mwaka 1959 na Garech Browne, mtoto wa ukoo wa bia ya Guinness. Ni heshima kubwa kwake, lakini muziki wa taifa kutegemea mfuko wa tajiri mmoja mwenye mapenzi si mpango. Wanamuziki wenyewe walikuwa na ajira zao za mchana mpaka mwaka 1975, walipojaza ukumbi wa Royal Albert Hall, London, siku ya Mtakatifu Patrick, wakapata ujasiri wa kuacha kazi. Mwaka huohuo filamu ya Barry Lyndon ikapeleka sauti yao kwa watu ambao wasingenunua albamu yenye jina la namba. Mwaka 1983 walikuwa wanapiga kwenye Ukuta Mkuu wa China.

Huongezwa pia kwamba mwaka 1968 wapiga zumari hii walikuwa wamebaki pungufu ya 100, na leo wako maelfu, katika nchi nyingi; mwaka 2017 UNESCO iliiingiza sanaa hiyo kwenye orodha yake ya urithi. Hapo nashika breki kidogo. Umaarufu wa Moloney ulisaidia, bila shaka. Ila mpiga zumari hatoki kwenye redio. Anatoka kwa mwalimu, na Moloney mwenyewe alifundishwa tangu utotoni na Leo Rowsome. Mwaka huohuo wa 1968 ndipo wapigaji walipounda chama chao, Na Píobairí Uilleann, wakaanza kufundishana. Wale maelfu ni kazi ya madarasa kwanza.

Kuna hoja moja inayowabana wahafidhina kweli, na wengi wao hukwepa kuijibu. Hata zile albamu za namba hazikuwa "asili". Nyimbo hizi zilipigwa na mtu mmoja, au na bendi za dansi ambazo wote walipiga melodi moja mwanzo mpaka mwisho. Kuvipanga vyombo, huyu anyamaze, yule aingie, ni ubunifu wa mtunzi wa muziki Seán Ó Riada na kundi lake la Ceoltóirí Chualann, alikotoka Moloney. Kinubi cha Bell kililelewa kwenye okestra ya kizungu kabisa. Kwa hiyo kinachotetewa kama mila ni uvumbuzi wa juzi. Nakubali. Ila uvumbuzi ule ulimpa kila chombo nafasi ya kusikika, na hicho ndicho kilichopotea baadaye.

Tena hakikupotea kila mahali. Kwenye Santiago, Carlos Núñez wa Galicia alikuja na zumari ya kwao, na zumari mbili zikikutana zinajuana. Kwenye hiyohiyo The Long Black Veil, Sinéad O'Connor anaimba The Foggy Dew, wimbo wa maasi ya Pasaka ya 1916, na kundi linamngoja kama linavyomngoja mwenzao.

Akija mtu kuniuliza aanzie wapi, nampa The Chieftains 4 na vipokea sauti vya masikioni. Kisha Santiago, kisha The Foggy Dew. The Rocky Road to Dublin namwambia aiweke mwisho, akishaizoea sauti ya zumari, aitafute humo mwenyewe.