Mbwa wa Mpwa Wangu Hana Muhuri

Kwanza nieleweke: sina ugomvi na mbwa. Simba wangu analinda geti miaka yote hii na hajawahi kunidai zaidi ya ukoko wa ugali. Ugomvi wangu ni karatasi za huyu mgeni anayelala kwenye kochi langu, Winston, mwenyeji wa Houston, Texas, nywele zimejikunja mwili mzima. Alikuja Arusha kula Krismasi. Kwaresima hiyo inaisha, bado yupo.

Mwenye mbwa, mpwa wangu Neema, kashaondoka zamani. Likizo iliisha, kazini wanamsubiri, akanikumbatia pale uwanja wa ndege wa KIA: "Mjomba, ni wiki chache tu, karatasi zikikamilika nakuja kumchukua." Chache hizo!

Kisa chenyewe ni hiki. Winston alichanjwa kichaa cha mbwa hukohuko kwao, na kadi anayo. Lakini tangu tarehe 1 Agosti 2024 Marekani wana utaratibu mpya. Mbwa wao akienda nchi yenye kichaa cha mbwa kwa wingi, na Tanzania imo kwenye orodha, kuna fomu ya kuthibitisha ile chanjo. Daktari wake anaijaza, serikali yao inagonga muhuri, ndipo mbwa anapanda ndege. Ukishatoka bila hiyo fomu, imekula kwako. Neema alifungasha dawa ya viroboto, mto wa mbwa na sweta la mbwa, eti Arusha kuna baridi. Fomu hakufungasha.

Kwa hiyo mbwa kachanjwa, ila kwenye karatasi hajachanjwa. Anahesabiwa kama mbwa wa huku, aanze moja. Na wa kuhangaika naye ni mimi.

Nikamwita bwana mifugo wa kata, yule anayemchanja Simba kampeni ikija uwanja wa shule. Kaja na pikipiki na kiboksi chake cha barafu. Nikamwambia aanze kusoma chipu, kile kidude chenye namba kinachowekwa chini ya ngozi ya mbwa, maana chipu lazima itangulie chanjo na namba yake iandikwe kwenye fomu ya chanjo ya huku. Akampapasa Winston shingo, akamtazama usoni kwa muda mrefu. "Mzee, mashine ya chipu sina. Mimi mbwa namsoma kwa macho."

Tukaenda kwa daktari wa mjini, wanakopelekwa mbwa wa wazungu. Huyu anayo mashine. Kaipitisha shingoni, kimya. Kairudisha, kimya. Kashuka nayo begani, pii! Namba ikatokea, tarakimu 15. Daktari anasoma, mimi naandika, Winston analamba kalamu. Namba yangu ya kitambulisho cha NIDA ina tarakimu 20 na mpaka leo naichungulia kwenye kadi. Ya Winston naitaja nikiwa usingizini, mama watoto ni shahidi.

Akachomwa sindano. Nikainuka, nikavaa kofia. Daktari akacheka. "Kaa, mzee. Tunasubiri siku 30 ndipo tumtoe damu." Damu ya nini tena? Ipelekwe maabara ya nje inayotambuliwa na Wamarekani, waangalie kama kinga imefika 0.5. Na tangu siku ya kutoa damu mpaka siku ya kukanyaga Marekani zipite siku 28 nyingine, la sivyo akifika anatupwa karantini kwa gharama zenu. Siku niliporudi naye kafungwa pamba mguuni, mtaa mzima ukataka kujua anaumwa nini. Haumwi, nikasema, tumempima kama chanjo imeingia. Mama wa genge akaniangalia kwa huruma, akaniongezea nyanya mbili.

Sasa msiniandame kwamba napinga chanjo. Kichaa cha mbwa hakitaniwi. Dalili zikianza, mgonjwa anashtuka hata akiona maji, na hapo daktari hana la kufanya. Ukiumwa na mbwa achana na pilipili na mafuta ya taa. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo ukachanjwe. Hata Wamarekani nawaelewa. Daktari kanieleza kwamba mwaka 2007 walitangaza kichaa kinachosambazwa na mbwa wenyewe kimekwisha kwao. Baadaye watu wakawaingizia mbwa kwa vyeti vya kughushi, mwaka 2021 wakafunga mlango kwa mbwa wa nchi kama yetu. Walipoufungua ndiyo wakaja na karatasi hizi. Matapeli wametapeli huko, karani nimekuwa mimi.

Fomu ya kuingilia ni bure na inajazwa kwenye simu, haki yao niwape. Ila inataka picha ya mbwa, uso na mwili vionekane. Nikampeleka studio karibu na stendi. Kijana akauliza, "Pasipoti saizi?" Akashusha pazia la bluu, akamwambia Winston asicheke.

Na msidhani atatua kwao. Mbwa aliyechanjwa huku anaingilia viwanja vichache vilivyotajwa: New York kimo, Atlanta kimo, Houston hakimo. Hapo kiwanjani awe amelipiwa nafasi kwenye kituo kilichosajiliwa, akaguliwe, halafu, sikilizeni vizuri, achanjwe tena! Hii itakuwa sindano ya tatu ya ugonjwa uleule.

Chakula chake cha pakiti kiliisha Januari. Kila jioni Neema anapiga video. "Shikamoo mjomba, naomba nimwone." Marahaba yangu haijaisha, anataka simu igeuziwe mbwa. "Mjomba, mbona kanenepa?" Ni ukoko, mwanangu. Ukoko na dagaa.

Juzi majibu ya maabara yakaja: kinga imepita. Kilichobaki ni muhuri wa daktari wa mifugo wa serikali na nafasi ya New York. Nikamshukuru Mungu, nikaagiza soda.

Soda sijaifungua, jirani yangu Baba Suzi anabisha hodi. Mkononi kashika kikapu, nyuma anafuatwa na jike lake. Ndani ya kikapu kuna vitoto vinne, vimefumbua macho majuzi tu. Mbwa wa mtaa wetu wana manyoya ya kulala. Hivi vinne nywele zimejikunja hadi masikioni. Nikamtazama Winston, kajifanya amesinzia.

"Mzee mwenzangu, sikuja kwa shari," akasema Baba Suzi. "Nauliza tu. Baba yao akirudi kwao, hawa wana haki ya kumfuata?"

Nikamweleza kwa upole kwamba Marekani hawapokei mbwa wa chini ya miezi 6. Akatafakari, akaitikia kwa kichwa.

"Basi hiyo miezi wataisubiria kwa babu yao," akasema, akakitua kikapu kwenye kochi.