Maktaba ya Violezo: Fundi wa Tawi Habishi Bure

Taasisi yenye seva mikoani haikosi ugomvi huu. Makao makuu yanataka violezo vyote vya mashine pepe (kompyuta zinazoendeshwa kama programu ndani ya seva; kiolezo ni nakala mama ya kuzalishia seva mpya) vikae kwenye maktaba moja, matawi yachote humo. Fundi wa tawi anaitikia kikaoni, kisha anarudi kwake na kuzalisha seva kutoka kwenye kiolezo alichokitengeneza mwenyewe mwaka juzi. Anaitwa mkaidi. Sidhani kama kuna aliyekaa akamsikiliza.

Wenye maktaba wana hoja nzito. Desemba 2021, kasoro ya usalama ya Log4j, kipande kilichomo ndani ya programu nyingi za Java, ilipotangazwa, mafundi walikesha wakiziba seva zilizokuwa zikifanya kazi. Kiolezo chenyewe kimelala. Hakijawashwa, kwa hiyo programu ya kukagua mtandao haikioni. Wiki tatu baadaye mtu anazalisha seva mpya kutoka humo, na kasoro ileile inaamka nayo. Kiolezo kikiwa kimoja unakirekebisha mara moja. Kila tawi likiwa na vyake, hata idadi huijui.

Sasa tupige hesabu. Kwenye vSphere, mfumo wa VMware wa kuendesha mashine pepe, maktaba hizi zilikuja na toleo la 6.0, mwaka 2015. Tawi hujiunga na maktaba ya makao makuu na kuvuta nakala lisiyoweza kuigusa. Kiolezo cha OVF (kilichohifadhiwa kama mafaili) kikibadilishwa, faili zima la diski husafiri upya. Umeongeza kiraka cha MB 80, umetuma GB 12. Tuseme una violezo 5, matawi 9, na laini ya makao makuu ni Mbps 100: hizo ni GB 540. Laini ikiwa tupu kabisa, bila barua pepe, bila mfumo wa malipo, bila bekapu, ni saa 12 kamili. Nani ana laini tupu saa 12? Na Microsoft hutoa viraka kila Jumanne ya pili ya mwezi, kwa hiyo mwezi ujao ni zamu nyingine. Ukigundua kesho yake kwamba umesahau mpangilio mmoja kwenye violezo vyote, anza tena, saa 12 nyingine. Hesabu hii sijawahi kuiona kwenye slaidi za wanaoinadi maktaba.

Watasema tawi liwekewe kuvuta pale tu linapohitaji. Njia hiyo ipo: maelezo ya kiolezo yanatangulia, diski inabaki makao makuu mpaka iitwe. Ila foleni haijaondoka, imehamishiwa kwa mtu mwenye shida. Seva ya tawi imekufa saa tisa alasiri, wateja wako dirishani, na kiolezo cha GB 12 kinashuka kwa laini ya Mbps 20. Dakika 80, mvua isiponyesha. Toleo la 7.0 la vSphere lilileta utaratibu mzuri wa kutoa kiolezo, kukirekebisha na kukirudisha huku toleo la zamani likibaki, lakini violezo vya aina hiyo havivuki kwenda vCenter nyingine (seva inayosimamia vSphere) ambayo haijaunganishwa na ya kwako, na matawi mengi yanajitegemea.

Halafu kuna kosa linaloenea. Ofisi moja niliyopitia tuliwasha seva ya pili ya Ubuntu, ya kwanza ikapotea mtandaoni. Anwani za MAC, namba za kadi za mtandao, tulizikagua mara tatu, zilikuwa tofauti. Kumbe aliyeandaa kiolezo hakusafisha /etc/machine-id, faili lenye namba ya utambulisho wa mashine, na Ubuntu tangu 18.04 inaweza kujitambulisha kwa DHCP, huduma inayogawa anwani za IP, kwa namba inayotokana na faili hilo. Seva ya DHCP ikaona mashine moja, ikagawa IP moja kwa zote mbili. Kosa hilo likiwa kwenye kiolezo cha tawi, linaumiza tawi. Likiwa kwenye maktaba, matawi tisa yanaamka nalo, na marekebisho yanasubiri zile saa 12.

Mimi ningesambaza maelekezo ya ujenzi. Faili la Packer, programu inayojenga violezo kwa kufuata maelekezo, ni maandishi ya kilobaiti chache. ISO, faili la kusakinishia mfumo, inatumwa mara moja na kukaa. Tawi linajenga kiolezo chake usiku, likichota viraka kwenye hazina iliyo karibu. Nakiri kuna gharama: matawi tisa yakijenga kwa nyakati tofauti hayatapata violezo vinavyofanana herufi kwa herufi, na mkaguzi atauliza. Pia lazima tawini awepo mtu anayejua kusoma faili hilo siku ujenzi ukigoma saa nane usiku.

Kwa uhuru huo ningedai kitu kimoja. Jina la kila kiolezo libebe tarehe kilipojengwa, na kikipita siku 35 kifutwe, hata kama kinafanya kazi vizuri. Fundi akikataa na hilo, hapo namwachia bosi wake amwite mkaidi.