Eti "hakukusudia"

Kila ikitoka habari ya mtu kuhukumiwa kwa kuua, kijiweni hakosekani wakili wa kujitolea. Safari hii alikuwa fundi viatu wetu: "Jamani, yule kijana hakukusudia. Walikuwa wanagombana tu, hasira zikampanda." Marehemu alipigwa mpini wa jembe kichwani, mara tatu. Hasira zilikuwa na shabaha kweli!

Sisi tukisikia "kuua kwa kukusudia" tunawaza mtu kajifungia ndani usiku ananoa panga, mipango yote kaiandika kwenye daftari. Nani kasema? Soma kifungu cha 200 cha Kanuni ya Adhabu, sheria ya makosa ya jinai ya Tanzania. Ukitaka kumuua mtu, au kumjeruhi vibaya, umekusudia, hata kama aliyekufa siye uliyemlenga. Na ukijua kwamba unachofanya huenda kikaua, ukaendelea bila kujali, umekusudia vilevile. Bila kujali! Hapahitajiki wiki ya maandalizi wala chuki ya tangu utotoni.

Mtaniuliza, moyo wa mtu unasomwaje? Mahakama ya Rufani ilishajibu katika kesi ya Enock Kipela dhidi ya Jamhuri, rufaa ya jinai namba 150 ya mwaka 1994. Mshambuliaji kwa kawaida hatangazi nia yake, kwa hiyo inatazamwa silaha, nguvu aliyotumia, mwili ulipigwa wapi na mara ngapi, majeraha, maneno yake, na mwenendo wake kabla na baada ya tukio. Haya, pigo la kwanza tuseme ni hasira. La tatu je, mwenzio keshalala chini?

Kuchokozwa ghafla kupo kwenye sheria, na kosa linaweza kushuka likawa kuua bila kukusudia. Lakini iwe ghafla kweli. Meseji uliyoisoma juzi ukaja kuitolea hasira leo, hiyo si ghafla.

Nakubali, shingo upande, kwamba huruma ya fundi viatu ina chanzo. Kwetu kuua kwa kukusudia kuna adhabu moja tu, kunyongwa, na jaji hana hiari. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapo Arusha, ilisema mwaka 2019 kwamba kumfunga jaji mikono namna hiyo kunakiuka haki ya kuishi. Mimi naafiki. Basi dai kifungu cha 197, kinachoweka adhabu hiyo, kibadilishwe, na mimi nitasaini. Ila usiniambie mtu aliyepondwa kichwa mara tatu alikufa kwa bahati mbaya.